Swali la mama, nami bado nimelowa

Jumanne mama aliniuliza swali moja, na mpaka leo linanizunguka kichwani. Mengine ya wiki hii yamepita: dada amejifungua salama, mtoto wa kike, na mimi kazini nimetolewa zamu ya usiku. Ninachotaka kuandika ni cha ufukweni.

Nimeruka! Si kule kunyakuliwa na upepo nilikowasimulia, nikitupwa huku na huku. Kusi ilikaza tangu adhuhuri, maji ya Paje, hapa Unguja, yanajaa, mwalimu akanipa kaiti ya mita tisa za mraba, lile tiara kubwa linalokuvuta juu ya maji ukiwa umesimama kwenye bao. Unaanza na kaiti ikiwa chini kidogo upande unaokwenda, bao umelilaza ukingo linakata maji. Kisha unairudisha kaiti nyuma, ipite utosini. Hapo ndipo penye kazi, maana mwili unataka kuondoka papo hapo, na mwalimu anapiga kelele: shikilia ukingo, shikilia, nyuzi zikaze kwanza! Nikashikilia. Mkanda ukanibana kiunoni, nikavuta baa, ule mpini wa kuongozea kaiti, nikaliachia bao, na ule mvumo wa maji miguuni ukakatika ghafla. Nikakunja magoti. Niliyaona matone yakidondoka kutoka kwenye bao, yakirudi baharini bila mimi. Nikaielekeza kaiti mbele, nikatua, nikaendelea kuteleza. Wallahi sijui nilipaa muda gani. Nilipaa.

Mama alikuwa ndiyo anatoka shambani na wenzake, maji yamewafika mapajani, kiroba cha mwani kichwani. Nikamkimbilia nikitweta.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona."

"Nimeruka, mama!"

"Na ulipokuwa huko juu, kamba zangu za mwani umezionaje?"

"Sikutazama chini."

"Haya."

Akakiweka sawa kiroba chake, akaenda zake.

Hiyo "haya" ndiyo iliyoninyima usingizi. Nimeirudia nikiwa mapokezi, nimeirudia nikimkorogea dada uji. Nilitaka aseme mashallah tu. Nikajiambia: kwake yeye mimi ni mmoja wa wale wa kaiti, wanaoangukia mashambani, nyuzi zao zikajisokota kwenye vijiti na kung'oa mwani wa watu. Na malalamiko hayo ni ya kweli, nimeyasikia tangu nikiwa mdogo. Kaiti hizi za kujazwa upepo, ndugu wawili wa Ufaransa, kina Legaignoux, walizisajili mwaka 1984. Mwani ulianza kulimwa kibiashara pwani yetu mwaka 1989, kwa mbegu za Ufilipino, na mama akiwa msichana alikuwemo. Vyote viwili vimekuja na bahari, vikakutana kwenye maji yale yale, na mimi nimezaliwa katikati yake.

Usiku wa Alhamisi, nikiwa nafua nguo za mtoto, swali likanijia upya, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, bila uchungu wangu. Mama alikuwa anauliza. Miaka yote hii shamba lake amelitazama akiwa ameinama, maji ya bamvua yamekupwa, anafunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Maji yakishajaa na kusi ikavuma, hajui kamba ipi imechomoka mpaka yapwe tena. Na hapo ametokea mtu wake mwenyewe, ameinuka juu ya maji hayo. Angeuliza nini kingine? Nililia kidogo, na haikuwa huzuni.

Jana nikarudi majini. Kutazama chini ukiwa hewani si rahisi, kwa sababu macho yanapokwenda kaiti nayo inafuata, na mwalimu amekataza kabisa: tazama unapokwenda kutua. Lakini kule juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka, kuna kituo kifupi ambapo hakuna kinachokuvuta. Nikageuza shingo. Mashamba yako mbali na tunaporukia, ila niliona mistari myeusi imelala kwa safu, na upande wa mwambani safu moja imekatika.

Nimemwambia mama jioni. Ameacha kuchambua mchele.

"Pengo kubwa?"

"Sikuliona vizuri, mama. Mara hii nitaangalia."

"Angalia na vijiti kama vimesimama," akasema, akaanza kunihesabia kamba za upande ule, ipi ya mwani aina ya spinosum, ipi ile aina ya kotonii aliyoijaribu tena ingawa maji yakipata joto hufa. Tulikaa hapo mpaka adhana ya isha.

Sasa jambo jingine. Mdogo wangu aliyeko Dar alisema atapanda boti ya Ijumaa aje kumwona mtoto. Hakuja, na simu yake haipatikani tangu juzi. Baba anasema chaji tu, lakini nimemwona ametoka nje kupiga mara kadhaa. Aliyeko Kariakoo akimwona, tafadhali amwambie apige nyumbani.