Nguchiro wa Kichuguuni na nguchiro wa Gogoni: nilipofikia

Wiki ya 1
Natengeneza kitabu cha picha cha watoto, na nimeamua kuchora nguchiro. Nilianza na simba na fisi, nikaacha baada ya siku mbili. Mtoto anakuja na hukumu yake tayari: fisi mlafi, simba mfalme. Mimi nataka makundi mawili ya mnyama mmoja, msomaji asijue ashike upande gani. Nguchiro wenye michirizi mgongoni wanaishi hivyo hasa. Mchana kundi linafukua mbawakawa na jongoo, usiku wanalala shimo moja, mara nyingi ndani ya kichuguu. Wakikutana na kundi jirani, wanasimama kwa miguu ya nyuma, wanapiga kelele, wanasongamana, kisha wanavamiana. Ni vita vya kweli, na wengine hufa.

Wiki ya 2
Nimetengeneza kijitabu cha majaribio: karatasi 8 za A4, zimekunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine, kurasa 32. Nikiondoa za jina la kitabu na haki, na ule wa mwisho kabisa, nabaki na kurasa pacha 14 za hadithi, yaani kurasa mbili zinazotazamana kila moja.

Nilipokuwa nakunja ndipo wazo likanijia: mkunjo wa kitabu ndio mpaka wao. Kundi la Kichuguuni, linalolala kwenye kichuguu, ukurasa wa kushoto; kundi la Gogoni, linalolala kwenye gogo, wa kulia. Hakuna anayevuka mkunjo mpaka pacha ya 12. Kila kundi lina nguchiro 12, ili mtoto aweze kuwahesabu.

Wiki ya 4
Mtoto wa kaka yangu, ana miaka mitano, alipitia michoro yote ya penseli kimya. Kisha akasema, "Shangazi, hawa wa huku ndio wabaya." Akagusa wa Gogoni. Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu wanakuja."

Sikulala vizuri usiku ule. Amesema kweli! Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo kundi la kushoto linaonwa kwanza, na linatembea tunakoelekea sisi wasomaji. La kulia linatujia usoni. Hata ningewapa sura za upole, nafasi waliyokaa imeshawashtaki.

Wiki ya 5
Dawa niliyoipata: kuanzia pacha ya 7 tunahamia ng'ambo ya uwanda na kuutazama kutoka huko. Gogo sasa liko kushoto, kichuguu kulia. Ni asubuhi ileile, jua linachomoza upande wa pili wa picha, na maneno ni yaleyale ya mwanzo: "Tumeamka. Tuko wote." Safari hii wanaoyasema ni wa Gogoni. Imenibidi nichore upya picha sita, na sijutii hata moja.

Wiki ya 8
Hasara. Nilipaka rangi za maji picha ya nguchiro mkubwa akinusa mpaka, pua yake juu ya mkunjo kabisa. Nilipoibandika kwenye kijitabu, pua ikamezwa. Sasa nimepiga mstari sentimita mbili kila upande. Uso wowote unakaa nje ya mistari hiyo.

Ninayoipenda kuliko zote ni pacha ya 11. Wakubwa wameondoka, na kila shimo limebaki na mlezi mmoja akilinda watoto, kama nguchiro hawa wanavyoacha walezi wanapokwenda kutafuta chakula, watoto wakiwa bado wadogo. Walezi wawili, kila mmoja amegeuza masikio kuelekea kelele ileile.

Wiki ya 10
Picha 9 zimekamilika. Ya vita bado. Nimeijaribu mara tatu, na kila mara inageuka michezo. Nimeiacha kwanza, nikachora ya mwisho, makundi yakirudi kulala. Nilikuwa nimepunguza nguchiro upande mmoja tu, nikaona hapo nimeshampata mshindi. Nikafuta. Sasa wako 11 kichuguuni na 11 gogoni, na chini ya picha nimeandika "Tumelala" tu, bila "Tuko wote".