Fundi Hodari Si Lazima Awe Mwalimu Hodari

Kinachokwamisha zaidi mafunzo ya ufundi, kwa maoni yangu, ni kwamba fundi aliyebobea huwa amekwisha kusahau mambo mengi anayoyajua. Mikono yake imezoea kazi kiasi kwamba akiombwa maelezo husema, "Tazama ninavyofanya," na mwanagenzi hutazama asione kitu.

Tuchukue kazi ya kupiga tupa, yaani kusugua chuma kwa kifaa chenye meno, ambayo wengi huidharau. Mwanafunzi mgeni akipewa kipande cha chuma kilichobanwa kwenye jiliwa, akaambiwa akisawazishe, baada ya muda mfupi uso wa chuma hicho huwa umebenuka katikati na kuteremka kingoni. Ukiusimamishia rula ya chuma na kuangalia dhidi ya mwanga, utaona mwanga ukipenya pande zote mbili. Kumkaripia kwamba hanyooshi mkono hakumfai kitu. Kinachomfaa ni kuelezwa kwamba tupa inapoanza kusukumwa, mkono ulioshika ncha ndio unaokandamiza zaidi. Ikifika katikati, mikono yote hukandamiza sawasawa. Na inapomalizia, nguvu huhamia kwenye mkono wa mpini. Aelezwe pia kwamba meno ya tupa hukata yakienda mbele, kwa hiyo kuikandamiza wakati wa kuirudisha ni kuyaua meno bure.

Wazo la kuichambua kazi namna hii si geni. Victor Della-Vos, aliyeongoza chuo cha ufundi cha Moscow, aliipanga mitaala ya karakana kwa kufuata hatua za kazi, kutoka nyepesi hadi nzito, na mfumo huo ukaonyeshwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1876. Katika Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilivyohitaji wafanyakazi wengi kwa haraka vilifundisha kwa hatua nne: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumwacha aijaribu, kisha kumfuatilia.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, nayo ndiyo huharakishwa mno. Mwanafunzi akiifanya kazi kimya, mwalimu huona matokeo tu. Akiifanya huku akieleza kwa nini anafanya hivyo, kosa lililo kichwani hujitokeza kabla halijafika kwenye chuma.

Nadharia nayo ije pale inapohitajika. Somo la kasi ya ukataji huchosha likiandikwa ubaoni wiki kadhaa kabla ya mwanafunzi kuigusa mashine, lakini biti ya kutobolea yenye kipenyo cha milimita 20 ikianza kubadilika rangi kwa sababu ameizungusha kwa kasi ileile aliyoitumia kwa biti ya milimita 5, atataka mwenyewe kujua kwa nini ile kubwa, ikiwa inatoboa chuma kilekile, yapaswa kuzunguka kwa robo tu ya kasi ya ile ndogo. Hapo ndipo mwalimu asimamishe mashine, achukue chaki, na wapige hesabu pamoja.