Pikapu ya Peugeot 504: pedali ya breki inayozama

Jumamosi. Nilidhani nimeshamaliza. Wiki jana dramu ya breki ya nyuma kulia niliikuta imelowa oili ya breki, silinda ya gurudumu ikivuja. Nikaibadilisha pamoja na viatu vyake vya breki, nikatoa upepo kwenye bomba za breki, pedali ikawa juu. Leo natoka Mambrui na mzigo wa nazi, nakaribia daraja la Sabaki, nakanyaga: pedali inashuka polepole kama mguu kwenye tope. Nikapiga pampu mara mbili, ikashika. Nimefika nyumbani Malindi kwa gia ya pili.

Jumapili. Nimelala chini ya gari na tochi. Kukavu kote. Bomba za nyuma zimeshika kutu ya chumvi ya bahari, ila hazijatoboka. Oili kwenye kikombe chake iko palepale. Pedali inazama na oili haipungui, basi inavuja ndani kwa ndani: masta silinda, ile pampu inayosukuma oili kwenda magurudumuni ukikanyaga pedali.

Spea ya kubahatisha sinunui tena. Nikafungua bomba za masta, nikaziba matundu kwa boliti zenye meno sawa, nikatoa upepo, nikamwambia mpwa wangu akanyage asiachie. Pedali ingesimama ngumu, ningerudi kwenye magurudumu. Haikupita nusu dakika.

"Mjomba, inashuka."

Jumanne. Nimeipasua masta. Raba za pistoni zimeliwa, ukuta wa ndani una vishimo vya kutu. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na pwani hatuna shida ya unyevu. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakunywa maji yaweza kuchemka kwenye 140. Hii yangu imetoka nyeusi kama kahawa ya mzee wa barazani. Seti ya raba ni rahisi, lakini kwenye ukuta ule zitaliwa tena. Nimeagiza masta nzima kutoka Mombasa.

Ijumaa. Imefungwa. Upepo tumeanza kuutoa nyuma kushoto, maana usukani wetu uko kulia na gurudumu hilo ndilo la mbali kabisa na masta. "Kanyaga! Shika!" Mpwa akaachia kabla sijakaza nipeli, kile kiboliti cha kutolea upepo, ikavuta upepo, tukaanza upya. Chupa mbili zimeisha. Tone moja limedondokea bodi. Nilimwagia maji haraka, rangi ikaanza kulainika hata hivyo.

Nimeijaribu jioni bila mzigo. Pedali iko juu, haizami. Ila gari inavuta kushoto kidogo nikikanyaga. Viatu vipya nilitia kulia tu, ubahili wangu. Kesho nafungua dramu ya pili.