Kisigino, wayo, vidole
Leo asubuhi tumefanya tafakuri ya kutembea: kikundi kizima bustanini, dakika 40 bila kusema neno, simu zimezimwa. Maelekezo yalikuwa mafupi: sikia kisigino kikigusa ardhi, kisha wayo, kisha vidole.

Mwanzoni akili iliruka huku na huko. Kazi, deni, ujumbe ambao sijaujibu. Nikarudi kwenye kisigino. Ikaruka tena, nikarudi tena. Watawa wa Zen, tawi la Ubuddha, hutembea hivi katikati ya vipindi vya kukaa kimya, wanaita kinhin, na Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki 2022, aliwafundisha wengi duniani kutembea namna hii. Nilikuwa nayajua hayo kwa kusoma tu. Mwilini ni kitu kingine kabisa!

Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, anatembea taratibu sana. Mstari mzima ukafuata mwendo wake, hakuna aliyempita. Hapo machozi yalinilengalenga, kwa kweli.

Mwisho tulisimama duara: mikono juu ukivuta pumzi, mikono chini ukiitoa. Mara ya tatu au ya nne hivi, nikasikia pumzi zetu zote zikitoka pamoja, kama upepo kwenye majani.

Jumamosi narudi, na dada yangu kasema tunakwenda wote.