Baada ya Zipu

Ni Jumamosi, saa nne usiku, na ile sauti ya Mama Mkubwa bado naisikia. Wala hakufoka. Angefoka ningejua pa kushika.

Mnaomfahamu Mama Mkubwa mnajua haji mikono mitupu. Jumanne alifika kutoka Pangani na nazi zake kwenye kiroba, akanikuta niko kwenye ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, akaketi kando ya meza ya kukatia. Daftari lilikuwa wazi pale pale, chaki juu yake. Ndilo lile lile niliwaambia mwezi uliopita: kila alfajiri nikishaswali, kabla sijashika simu, naandika siku nzima. Nilianza kwa aibu tu, maana wateja walishafika mahali pa kunimalizia "njoo kesho" kabla sijaitamka. Na limenifaa, siwezi kulikana. Ovaloki yangu inakula nyuzi 4. Zamani nilikuwa nashona jeusi, jeupe, jeusi tena, nusu ya siku inaishia kwenye kutunga uzi. Sasa napanga vyeusi vyote pamoja. Kukata nakata asubuhi macho yakiwa mapya, vifungo na mapindo yanangoja alasiri, hata umeme ukizingua mkono upo. Madera ya wiki iliyopita yote yalitoka siku niliyoahidi. Haya, isipokuwa moja.

Basi akasoma. Miwani hana, daftari kalisogeza mbali, kidole kinashuka mstari kwa mstari.

"Zipu nyeusi, inchi 8. Mama Mkubwa, dakika 10. Luku."

Nikasimamisha mashine.

"Kumbe mie nakaa baada ya zipu."

Nikacheka, na hapo ndipo nilipokosea. Nikamwambia hiyo ni ili nisisahau kukupigia, Mama Mkubwa.

"Ehee. Mbona zipu hukuiwekea dakika?"

Kisha akaomba kisu cha kufulia nazi. Kwake yakaisha.

Wiki hii tumemwoza mdogo wangu, na jirani wa nyuma kahama na kesi yake, lakini mimi kila nikikanyaga pedali nasikia: mbona zipu hukuiwekea dakika. Nimetunga majibu mpaka bafuni. Kwamba mara ya mwisho tulizungumza mbuzi wa jirani yake dakika 47, pasi ikaunguza kola ya mtu. Kweli, lakini hilo unamwambiaje mzazi? Na la kweli zaidi sikulitaka mwenyewe: nilipofunua kurasa za nyuma, mstari wake nimeuhamisha siku 9 mfululizo. Zipu nilinunua siku ile ile.

Alhamisi nikamsindikiza stendi. Kwenye bajaji akafungua pindo la kanga atoe nauli, nikaona mafundo mawili. La kwanza lina noti. La pili tupu, limekazwa hasa.

"Na hilo?"

"La kukumbukia."

"Kukumbuka nini?"

Akalitazama. Akaligeuza. "Tangu Jumapili najiuliza."

Tulicheka mpaka dereva akageuka, na nazi moja aliyokuwa amebakiza akampa dereva. Nikashuka mwepesi kuliko nilivyopanda.

Leo alfajiri nikaandika jina lake juu kabisa, bila dakika. Nikapiga saa mbili. Hakupokea, kapokea saa saba, yuko msibani, kasema atanitafuta mwenyewe akiwa na nafasi. Sawa.

Kinachoninyima usingizi sasa ni mota ya ovaloki. Tangu jana inatoa harufu ya kuungua, na nina sare za shule 14 za Jumatatu. Fundi wake nimempigia mara mbili. Anasema kesho.