Cavetown wa enzi za chumbani

Wiki hii bando langu lote limeishia kwa Cavetown, tena zile nyimbo za mwanzo kabisa. Mnaomjua mnanielewa.

Kwa wengine: ni Robin Skinner, msanii transjenda wa Uingereza, mzaliwa wa 1998. Mwaka 2012, akiwa bado kinda, alifungua chaneli ya YouTube akawa anapandisha nyimbo alizorekodi chumbani kwake Cambridge. Alikuwa anatunga mwenyewe, anapiga gitaa na ukulele (kigitaa cha nyuzi nne) mwenyewe, anachanganya sauti mwenyewe, kisha anazitoa Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao wenyewe. Lebo kubwa, Sire Records, ilikuja baadaye. Albamu ya Sleepyhead ikatoka Machi 2020, wakati dunia nzima inajifungia ndani. Bahati gani hiyo jamani!

Sawa, wazazi wake wote ni wanamuziki, na hilo si jambo dogo. Ila mimi kilichonishika ni wimbo wake This Is Home wa 2015. Kuna mahali anaimba kuhusu kukata nywele na kuficha kifua, anapita tu, hakazi sauti wala haombi huruma. Nilirudisha nyuma mara kadhaa. Kwangu mimi hapo anamzidi hata yule wa Lemon Boy, wimbo wake uliokuja baadaye, na najua kuna watakaonishambulia.

Basi na mimi nimejifunika blanketi nikarekodi kwa simu. Jogoo wa jirani kaingia katikati ya kiitikio, kapatia ufunguo kuliko mimi. Sijamfuta. Nikipata bando naipandisha.