Matako ya Paa

"Saa sita nzima msituni, mwanangu, unaniletea matako?"

Mama aliyasema hayo Jumapili jioni, anachagua mchele, miwani iko kwenye ncha ya pua. Leo Jumatano bado yananizunguka kichwani. Wiki hii posa ya dada imejibiwa, ofisini tumehamishiwa ghorofa ya pili, na mie naosha vyombo huku namjibu Mama kimoyomoyo: si matako, ni picha ya paa nunga, yule paa mdogo adimu wa Unguja! Kisha naifungua tena. Ni matako.

Namtafuta nimpige picha tangu mwezi wa Mfunguo Tatu. Safari hii nilifuata agizo la ami mmoja wa Pete, kijiji cha jirani na msitu wa Jozani: usimfuate paa, wafuate kima punju, wale kima wekundu. Wao hula kwa fujo, majani na matunda yanadondoka, naye paa nunga huja chini kuokota. Basi nikakaa Jozani juu ya jiwe la uwanda, jiwe lenyewe lina meno, mbu wananila, nasikiliza makombo yakianguka.

Akatoka. Mwekundu kama udongo wa kinongo uliolowa, hanifiki magoti, madoa meupe miguuni kama aliyekanyaga chokaa. Lenzi ikang'ang'ania jani lililo mbele ya uso wake. Nikaizungusha kwa mkono, kamera ikalia chaka! Naye keshageuka.

"Si ungemwita?" Mama akaongeza. Kama kuku!

Jana nikamtumia ami ile picha, nimetanguliza samahani. Hakuandika, alipiga.

"Umeuona mkanda?"

"Mkanda upi, ami?"

"Huo mweupe, uliokatiza nyuma. Paa wa aina ile nyengine hana. Ungeniletea uso kwenye kiza kile, ningekubishia mpaka kesho."

Nimeikuza tena. Mkanda upo, mweupe pee, umekata makalio pande hadi pande. Kwato moja ya nyuma imenyanyuliwa, na jani bichi limenata chini yake. Hilo jani sikuwa nimeliona. Nimeipeleka ikasafishwe kwenye karatasi kubwa. Pa kuitundika ni ukumbini tu, na Ijumaa wageni wanaleta mahari, kwa hiyo Mama sijamwambia.